Zote Sita Zimetosha

Nimestaafu kabla sijaota mvi hata moja. Fundi Otieno, aliyekuwa bosi wangu, alipoona sina budi kuondoka alianza kuniita Mstaafu, na jina hilo limenikaa kuliko lile nililobatizwa. Sikustaafu kwa umri. Nilistaafu kwa damu. Kliniki walinitoa damu wakaipima, kisha wakampigia simu mkalimani, mama mmoja mwenye sauti ya pwani, naye akanitafsiria maneno ya daktari vizuri kabisa: "Anasema una risasi mwilini."

Nilirudi nyumbani kwetu Temple Hills nikamwambia mama vile vile nilivyoambiwa. Mama aliacha mwiko kwenye sufuria.

"Balikupiga wapi?" akasema, akaanza kunipapasa mgongo.

Ilinibidi nieleze. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, lakini risasi ni jina la madini pia, yale mazito ya kijivu ambayo risasi yenyewe imetengenezwa kwayo. Vumbi lake lilikuwa likiniingia kidogo kidogo kutoka kwenye bunduki nilizokuwa nasafisha. Mama alisikiliza, akafikiri, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Na bale bamunganga batatosha iyo risasi?"

Alikuwa anauliza kama madaktari wataitoa. Kwetu kutosha ni kutoa. Ukitosha chungu motoni, umekiondoa. Mtanzania na Mkenya wakisema kitu kimetosha, wana maana kimefika kiasi, au kimeenea mahali pake kama kiatu mguuni. Shikeni tofauti hiyo, maana mengi ninayotaka kusimulia yanaitegemea.

Haya nawaandikia ninyi mtakaokaa kwenye meza ile ya kusafishia bunduki baada yangu. Shule yangu iliishia msingi, kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, kwa hiyo naandika polepole, nanyi someni polepole. Habari za mshahara mtaambiwa na Otieno mwenyewe, tena kwa sauti ya chini.

Karakana yake iko katika mji wa Falls Church, Virginia, nyuma ya duka la mazulia, karibu na barabara ya Route 7. Asiyeijua hupita mara mbili. Otieno alikuwa fundi mashine kwao Kisumu kabla hajaja huku, na alijifunza bunduki ukubwani kwa mzee mmoja wa hapa Virginia aliyemwachia vifaa na wateja. Alikuwa anatafuta mtu wa kusafisha. Ndugu mmoja wa kanisani kwetu akanipeleka, akanisimamisha mbele yake kama mzigo uliofika, akaondoka.

"Unajua nini kuhusu bunduki?" Otieno akaniuliza.

"Ninajua kuzikimbia."

Sikusema kwa mzaha. Nilikuwa na haya sana siku zile, na mtu mwenye haya hawezi kutunga uongo haraka. Otieno alinitazama juu ya miwani.

"Basi wewe umeanzia mahali pazuri," akasema. "Wengine hapa huja wakizipenda."

Mama hakufurahi. "Tulikimbia bunduki mika yote ile," alisema, "na weye unaenda kuzipangusa?" Mika ni miaka. Nilimjibu kwamba hizi zilikuwa za wazee wastaafu, nyingi hazijapigwa tangu enzi za babu zao. Lakini kila asubuhi alinifungia chakula, nami nikavuka mto unaotutenga na Virginia kwa gari bovu la yule ndugu wa kanisani, nikiomba foleni ya Beltway, ile barabara kubwa inayozunguka jiji, isinichomee injini.

Siku ya kwanza sikushika bisibisi. Otieno aliniwekea mezani rivolva moja, akanionyesha silinda yake, lile gurudumu la katikati lenye matundu, mara nyingi sita, kila tundu makao ya risasi moja.

"Hii ina risasi ama haina?"

Nikainama kutazama. "Haina."

"Umejuaje?"

"Nimeona."

"Jicho huchoka. Uliza tena."

Nikamgeukia yeye. "Fundi, ina risasi?"

"Mdomo nao hudanganya bila kukusudia. Uliza kwa kidole." Akachukua kidole changu cha mwisho, kile chembamba, akakiingiza tundu la kwanza, akageuza silinda, la pili, la tatu, mpaka tukamaliza. "Kidole kikiingia chote, ni tupu. Kila bunduki inayopita mlango huu ina risasi mpaka kidole kikwambie haina. Hata kama imeletwa na pasta. Hasa kama imeletwa na pasta." Halafu akaongeza, "Nimekuona, kijana. Wewe unaona haya kuuliza kitu mara mbili. Sasa kidole hakina haya. Kiache kikuulizie."

Hilo ndilo somo kuu la karakana ile. Mengine yote ni mkono na subira. Bisibisi ya dukani ni adui. Kila skrubu ya zamani ina mfereji wake, mwembamba au mpana, na inabidi unoe bisibisi mpaka iketi humo bila kucheza. Ikicheza itang'oa kingo za mfereji, na mwenye bunduki ataona alama hiyo kabla hajakuona wewe. Tulikuwa na vijiti vya mianzi vya kuchokolea uchafu pembeni, maana mwanzi haukwaruzi chuma. Tulikuwa na brashi za shaba za kupitisha kwenye mtutu. Na tulikuwa na mswaki mmoja mzee ambao Otieno aliukataza mtu yeyote kuutupa, ingawa ulikuwa umebaki na nywele chache kuliko yeye.

Jambo jingine: Otieno alikuwa akila chakula chake ndani ya gari lake, hata wakati wa theluji, baada ya kunawa mpaka viwiko. Sisi tuliokula mezani tulidhani anajitenga. Damu yake ilipopimwa haikuwa na neno.

Mzee Salehe nilimkuta tayari ni mteja. Alikuwa mtu wa Tanga, dereva mstaafu wa basi la shule, raia wa huku tangu zamani. Siku ya kwanza nilimsalimia "Jambo, mzee," akasimama pale pale mlangoni na kofia yake, akingoja. Otieno akaninong'oneza, "Shikamoo, mwambie shikamoo, ama tutakaa hapa mpaka jioni." Nikamwambia. "Marahaba, mwanangu," akasema, ndipo akaingia.

Alipenda rivolva. Bunduki nyingine hazikumhusu. Nilimuuliza sababu baada ya muda mrefu, nilipokuwa nimemzoea, akachukua moja mezani akaigeuza silinda kwa kidole gumba, tik, tik, tik.

"Nyingine zinafanya kazi yake tumboni, huoni kitu," akasema. "Hii haifichi. Ukivuta nyundo, silinda inageuka mbele ya macho yako. Mtu alikaa akaifikiria hii. Sikiliza." Akaivuta tena karibu na sikio langu. "Hakuna mbili zenye sauti moja. Ukishaijua ya hii, unajiuliza ile nyingine inaliaje."

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na sisemi kwa kumcheka. Mimi mwenyewe, niliyezikimbia, niliishia kuzitambua kwa sauti nikiwa nimewapa mgongo. Mzee Salehe hakuwahi kupiga shabaha. Nadhani risasi zilimkera. Alitaka kujua ile nyingine inaliaje.

Sheria ya Virginia inamruhusu mtu wa kawaida kununua bastola moja tu kwa mwezi, na rivolva ni bastola. Wenye sheria walikuwa na sababu zao, na ni sababu nzuri. Lakini kwa Mzee Salehe iligeuka kuwa kalenda. Kabla ya sheria hiyo, alisema, alinunua alipokutana na kitu cha kumpendeza, na wakati mwingine mwaka ulipita bure. Sasa mwezi ukianza alihisi kama mtu aliyepakuliwa chakula. "Mwezi ukipita hujanunua, haurudi," aliniambia kwa huzuni kabisa. "Huwezi kuja mwezi ujao ukasema nipe na ya ule." Otieno, aliyekuwa na leseni ya kuuza pia, alimwambia kwamba hata Ramadhani huja mara moja kwa mwaka na watu hawaisikitikii hivyo.

"Wewe Otieno, Ramadhani utaijulia wapi?"

"Nimeijua kwa kukukosa wewe hapa adhuhuri."

Kizuizi cha pili kilikuwa cha nyumbani, na kilikuwa kikali kuliko cha serikali. Mzee Salehe alikuwa mjane, na furaha yake ilikuwa mjukuu mmoja, Amina, mtoto wa binti yake Rehema. Rehema ni muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Amina alipoanza kukimbia na kufungua kila droo, Rehema alimwambia baba yake hivi: bunduki zote zikae kwenye sefu, bila risasi, na sefu ile ina nafasi sita. Sita zinatosha. Siku atakayokuta ya saba, au atakayokuta hata moja nje ya sefu, Amina hatakanyaga nyumba ile.

Mzee Salehe alitusimulia akiwa ameegemea kaunta. "Binti yangu amesema sita zinatosha."

Nilimwonea huruma. "Pole, mzee," nikasema. "Utabakiwa na ngapi sasa?"

"Nitabakiwa vipi? Na sita."

"Lakini amesema utoshe sita."

Walinitazama wote wawili. Kisha Otieno akaelewa, akaanza kucheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Huyu wa Bukavu! Mzee, kwao kutosha ni kutoa! Amesikia binti yako anataka ung'oe zote sita!"

Mzee Salehe alicheka machozi. Tangu siku hiyo neno lile likawa letu. Nilipompokea bunduki nilimuuliza kwa lugha yangu, "Umetosha risasi, mzee?" naye akajibu kwa lugha yangu, akiigiza sauti yangu ya chini, "Nimezitosha, baba, nimezitosha zote." Nilifurahi. Si mara nyingi mtu mzima hujifunza Kiswahili chako badala ya kukurekebisha.

Basi kila mwezi alinunua moja, na kwa kuwa sefu ilikuwa imejaa, ilimpasa kuuza moja. Miezi ya mwanzo alifanya hivyo. Alizileta zile za kuuza zimefungwa kwenye taulo safi. Baadaye uso wake ukabadilika. Siku moja akaniwekea mezani rivolva ya chuma cha bluu, nzuri, akasema nyundo inakwama.

Niliijaribu. Haikukwama. Nikaifungua nikaisafisha, nikaifunga, nikamwambia iko tayari.

"Hujaiangalia vizuri," akasema.

Nikaiangalia tena wiki iliyofuata. Akanivuta pembeni. "Mwanangu. Usiimalize."

"Nisiimalize?"

"Ifanyie kazi taratibu. Bunduki iliyo kwa fundi haiko nyumbani. Au iko?"

Nilimpelekea Otieno swali hilo. Alikuna kidevu. "Kwa sheria ni yake popote ilipo," akasema. "Kwa binti yake, sijui. Mimi si kadhi." Akaandika jina Salehe kwenye kipande cha karatasi, akakifunga kwa uzi kwenye kifyatulio, akaiweka kwenye rafu ya nyuma. Mwezi uliofuata ikaja ya pili, mtutu "unapumua". Halafu ya tatu, ambayo ilikuwa na "mlio wa wasiwasi". Rafu ile ikawa wodi ya wagonjwa wazima. Mzee alikuja kuwatembelea, akaketi kwenye kigoda akaomba nimpe moja moja aigeuze silinda. Nilizipangusa mafuta kila Ijumaa. Sijawahi kutunza kazi yoyote kwa uangalifu kama ile niliyoombwa isiishe.

Nyumbani sefu ilikuwa na sita, Rehema alihesabu akaona sita, na Amina aliletwa kila Jumamosi. Kila mtu alikuwa ametunza neno lake, ukilitazama kwa upande fulani.

Siku ninayotaka mwijue ilikuwa Jumamosi ya mvua. Mzee Salehe aliingia amemshika Amina mkono. Ilikuwa mara ya kwanza Rehema kumruhusu amchukue mtoto peke yake kwa gari, na mzee alijaa fahari. Alimtambulisha mjukuu kwa Otieno, kwangu, hata kwa mashine ya kukerezea. "Msalimie mjomba," akamwambia. Amina alielewa vizuri sana, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ninanuka petroli. Nikampa kiti karibu na mlango.

Mzee aliweka mfuko wa kitambaa kwenye kaunta. Ndani kulikuwa na rivolva ya kizamani, ya mwezi ule, aliyoinunua kwa muuzaji mwingine. Rivolva ya namna hiyo, silinda yake haiangukii pembeni ukaona matundu yote. Ina kilango kidogo nyuma, na unaligeuza tundu moja moja mbele ya kilango hicho.

"Umetosha, mzee?" nikauliza, kama kawaida yetu.

Alikuwa anamfuta Amina mvua usoni. "Eeh, nilikuwa na wasiwasi nazo," akasema bila kunitazama, "lakini zimetosha. Zote sita zimetosha."

Nilisikia nilichozoea kusikia. Niliichukua nikaipeleka mezani ili nipime uzito wa kifyatulio, kazi ambayo unaifanya kwa kuning'iniza ndoano kwenye kifyatulio na kuvuta mpaka nyundo ianguke. Ndoano nilikuwa nayo mkononi. Nikaiweka chini kwanza, nikafungua kilango, nikapeleka kidole cha mwisho.

Kidole hakikuingia.

Kilikutana na shaba ya ganda la risasi, laini, baridi, imeziba tundu sawasawa. Nikageuza silinda. La pili, shaba. Sikuendelea. Nilitaka kupiga kelele lakini mtoto alikuwa pale akitikisa miguu, na mimi kelele sizijui. Nikasema tu, "Fundi."

Otieno alikuja kwa sababu sikuwa nimewahi kumwita kwa sauti ile. Alitazama, akaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, akazisukuma risasi nje moja moja, akazisimamisha kwenye kitambaa. Zilikuwa sita. Amina aliteremka kitini akaja kuona. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama zile ni rangi za kuchorea.

"Hapana, mama," Otieno akasema. "Rudi kitini kwako."

Mzee Salehe alikuwa bado amesimama kaunta. "Lakini nilimwambia kijana," akasema. "Nilimwambia zimetosha. Yule muuzaji alinitia shaka kuhusu ukubwa wa matundu, nikajaribu leo asubuhi kuona kama risasi alizonipa zitaenea. Zikaenea. Zote sita zikatosha. Halafu Rehema akapiga hodi na mtoto, nikaitia haraka kwenye mfuko..."

Alikuwa amelisikia neno lile kinywani mwake mwenyewe, kwa Kiswahili cha Tanga na cha Bukavu kwa pamoja.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ulisema."

Otieno hakupandisha sauti. "Mzee wangu, huo mfuko njiani ulikuwa wapi?"

"Kiti cha nyuma."

"Na mtoto?"

Mzee alivuta kigoda akaketi. "Kiti cha nyuma."

Hakuna aliyemlaumu. Otieno alisema kwamba yeye hatamwambia mtu yeyote, ila bunduki ile haitoki siku hiyo. Ilikuwa rahisi kuishia hapo. Mzee angempeleka mtoto nyumbani, Jumamosi ingekuja nyingine. Nilimwona akilitazama jambo hilo. Kisha akatoa simu yake.

"Rehema mwanangu, njoo hapa kwa fundi umchukue mtoto. Mzima, mzima kabisa. Njoo. Nitakwambia ukifika."

Rehema alifika na sare zake za kazi. Baba yake alimweleza mbele yetu, yote, bila kupunguza. Rehema alimnyanyua Amina akampakata, akasikiliza, macho yake yakizunguka chumba kama macho ya wauguzi yanavyozunguka. Yakafika rafu ya nyuma. Karatasi zilikuwa zinaning'inia, Salehe, Salehe, Salehe.

"Baba, ulisema sita."

"Za nyumbani ni sita."

"Na hizi?"

"Zinatengenezwa."

Rehema akanigeukia mimi. "Kaka, zina ubaya gani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nilimtazama mzee, naye akainamisha kichwa, kama mtu anayekupa ruhusa.

"Hazina ubaya, dada," nikasema. "Zilipona zamani."

Otieno alikohoa, na najua alikuwa anazuia kicheko, Mungu amsamehe. Rehema hakucheka. Alimfunika mtoto kofia. "Baba, mimi sikukataza bunduki," akasema. "Nilikuomba tu ujue mahali pa kusimama, usiongeze. Amina hatakuja mpaka nione umesimama." Wakaondoka. Amina alimpungia babu mkono juu ya bega la mama yake.

Jumatatu mzee alikuja peke yake. "Sasa zimalize," akaniambia.

Hazikuwa na cha kumaliza, ila nilielewa. Kila moja, na ile ya kizamani pia, niliisafisha kwa mara ya mwisho, Otieno akaipitisha kwenye taratibu zake za mauzo, mnunuzi akaja. Mzee alitaka awepo kila ilipoondoka. Kabla ya kutoa aliigeuza silinda mara moja, akaisikiliza, akaikabidhi. Ile ya bluu ndiyo iliyomsumbua. Aliigeuza mara mbili.

"Watu wanadhani nilitaka bunduki nyingi," akaniambia siku hiyo. "Mimi sikuwahi kutaka nyingi. Nilitaka moja. Ile inayofuata."

Msidhani alipona kama zilivyopona zile za rafuni. Mwezi ulipoanza alikuwa hapo, akitazama kabati la kioo la Otieno, mikono ameifunga nyuma. "Natazama tu," alisema. Wakati mwingine aliomba nimvutie nyundo ya fulani asikie, nami nilivuta, naye akasikiliza akiwa upande ule wa kaunta, akashukuru, akaenda nyumbani. Mwezi mmoja alitoka, akarudi kutoka kwenye maegesho, akasimama tena mbele ya kioo, akatoka tena. Tuliendelea na kazi bila kumtazama. Ni heshima ndogo ambayo karakana inaweza kumpa mtu.

Ndani ya muda huo nikaanza kuumwa kichwa, tumbo likanikaza, vidole vikawa vizito, na bisibisi niliyoinoa mwenyewe ikaanza kuniruka kwenye skrubu. Yaliyofuata nimeshayaeleza. Daktari alisema risasi itapungua mwilini yenyewe, polepole, mradi nisikae tena karibu nayo. Otieno aliniagiza niende nyumbani siku ile ile. Niliomba nirudi mara moja tu kuchukua vitu vyangu, akakubali, ila nisiguse chochote.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wangu Rehema alipoingia. Mzee Salehe alikuwa kwenye kigoda chake, maana mwezi ulikuwa umeanza, akainuka kama mwanafunzi. Rehema alimwamkia baba yake, akampita, akaja mpaka kwangu.

"Kaka, nakuuliza wewe kwa sababu wewe hukunidanganya. Za baba zilizokuwa hapa, zimekwisha?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini nilikwisha kuona neno la kweli lilivyoweza kutoka kinywa kimoja likafika sikio jingine limegeuka. "Njoo, dada," nikasema. "Uliza kwa kidole."

Hakuelewa, lakini alinifuata. Nikamwonyesha rafu ya nyuma. Alinyoosha kidole akakipitisha kwenye ubao, kutoka mwisho mmoja, taratibu, mpaka mwisho mwingine. Hakikugonga kitu. Alipokiinua kilikuwa na vumbi.

Otieno alimsukumia sabuni na beseni. "Nawa kwanza," akasema, "kabla hujamshika mtoto."

Rehema alinawa mpaka viwiko, wauguzi wanajua. Akajifuta. Kisha akafungua mlango, akaita kuelekea kwenye gari.

"Amina! Shuka uje umsalimie babu."

Meza sasa ni yenu. Kuleni nje, hata kama kuna theluji. Naweni kabla ya kugusa mkate. Mswaki ule msiutupe. Mtu akiwaambia imetosha, mwitikieni kwa adabu, kisha pelekeni kidole. Na rafu ya nyuma iacheni tupu, hata siku mtakayokosa nafasi.